Nilimwongoza Hadi Kitandani Mwangu

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana liliwapita, mimi ni Nyamvula, na kazi yangu ni kuwatuliza watu wanene kabla hawajapasuliwa. Hospitali iko Shanzu, ni ya watu binafsi. Madaktari hukata mfuko wa chakula wa mtu ukabaki mwembamba kama ndizi, ili ale kidogo na ashibe. Watu hao huja na hofu zao. Mimi huwaambia wafumbe macho, wapumue polepole, kisha wanieleze mahali ambapo roho zao hutulia. Huwauliza wanaona nini, wanasikia nini, pananukaje. Kisha huwaongoza kwa sauti mpaka wafike hapo, na hofu hupungua. Wataalamu huiita tiba ya taswira. Karisa, mume wangu, huiita kazi ya kuwabembeleza watu wazima.

Niliwaachia pale Quinter, mgonjwa wangu mpya, alipofumba macho akanieleza mahali pake. Ni chumba huko Magongo, malori yanafunga breki kwenye tuta, dirishani kuna pazia la maua lililoungwa kwa kitambaa cha samawati. Halafu akasema, "Nikilala naangalia juu. Kuna doa la maji kwa dari, limekaa kama sikio la ng'ombe."

Pazia hilo nililiunga mwenyewe, kwa kipande cha sare yangu ya kwaya. Na doa hilo hulioni mpaka ulale chali kitandani, upande wa ukutani. Upande huo ni wangu.

Basi tuendelee.

Mwanamke mwenye akili zake angesimama, akamwamsha, akamuuliza alifuata nini nyumbani kwake. Mimi niliendelea na kazi. Kwetu mgonjwa ndiye mwenye mahali pake. Mshauri hakosoi, habadilishi, wala hashtuki.

"Uko peke yako hapo?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa laini kama siku zote, na ulaini huo ulinitia kinyaa.

"Saa hii, ndio. Yeye ako jikoni."

"Shuka likoje?"

"Baridi. Linanuka sabuni ya kipande."

Nilikuwa nimelifua Jumamosi, kwa mikono hii.

"Lala," nikamwambia. "Uache mwili uzame. Hakuna anayekudai kitu. Uko salama."

Ndivyo nilivyofanya, wasomaji wangu. Nilimlaza mwanamke wa mume wangu kwenye godoro langu, nikamfunika shuka langu, nikamwongoza pumzi baada ya pumzi mpaka uso wake ukalegea. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi. Akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa na jasho. Nikatamani kwenda kunawa.

"Madam, hii kitu inafanya kazi. Naeza kurekodi sauti yako nikaisikiza nyumbani?"

Wagonjwa wote mimi huwarekodia. Nilimrekodia na yeye kwenye simu yake, kuanzia mlango wangu, kochi langu, mpaka doa langu. Akaondoka na nyumba yangu yote ndani ya mkoba.

Jioni nilimkuta Karisa kochini, miguu juu ya meza. Tangu kiwanda kimwachishe kazi hushinda nyumbani, na miezi yote hiyo nilikuwa nikimwonea huruma. Nilikuwa nikirudi na mkate mtamu ili asijione mnyonge.

Nilipita moja kwa moja jikoni. Nikazitungua sufuria zote na kuzinusa moja moja. Ile kubwa ilikuwa imetundikwa kwenye msumari usio wake. Kwenye pipa la taka, chini kabisa, nilikuta vifuu vya nazi. Mimi sipiki wali wa nazi katikati ya wiki, sina nafasi ya kukuna nazi. Nikachukua jivu na sabuni, nikaanza kusugua.

Karisa akaja kusimama mlangoni. "Mbona waosha sufuria safi?"

"Si safi."

"Nani kazichafua?"

"Panya."

"Panya hapa? Tangu lini?"

"Wewe ndiwe ushindaye nyumbani. Nilidhani utaniambia wewe."

Akacheka, akarudi kwenye televisheni. Karisa hucheka vizuri sana anapoficha kitu, na mimi miaka yote nilidhani ana tabia njema.

Mtaniuliza kwa nini sikumvaa siku ile ile. Nitawajibu bila kujipamba. Nilijua nikimuuliza Karisa ataapa kwa Mungu na kwa kaburi la babake, na mimi nitaamini nusu. Lakini Quinter akifumba macho husema kila kitu. Nilitaka kusikia yote, hata yale ambayo mtu hapaswi kuyasikia. Udadisi huo ulinisinya, ukanitia kinyaa kuliko vifuu vya pipani, lakini sikuuacha.

Nikahamia kulala kwenye kochi, nikasingizia mgongo. Chakula cha nyumbani kikanishinda. Nikipakua, namwona mtu mwingine akila kwenye sahani ile ile, na tonge linarudi. Nikawa nanywa chai ya rangi tu, kwenye kikombe nilichokinunua upya na kukificha kazini. Nikapungua. Wenzangu hospitalini wakaanza utani.

"Nyamvula, nawe umepasuliwa kimyakimya?" akaniuliza mmoja wao. "Au ni zile pumzi zako?"

Nikacheka nao. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimetafuna dawa.

Quinter alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa ameanza kunywa supu ya kuchuja na maziwa tu, kama wote wanaokaribia kupasuliwa. Safari hii alinitazama kitambo kabla ya kufumba macho. Nikadhani ni njaa.

"Tutafute mahali pengine leo?" nikamwambia. "Wengine huchagua shamba la bibi. Wengine kanisa."

"Hapana, madam. Pale pale."

"Haya. Uko na nani?"

"Niko na yeye. Anapika."

"Chakula tukiache nje, Quinter. Mahali pa utulivu hatuingizi chakula. Ukishapasuliwa kitakusumbua."

"Siezi kukiacha nje. Hicho ndicho kilifanya nimpende." Macho yake yalikuwa yamefumba lakini kope zilikuwa zikitikisika. "Kwetu nikikula kila mtu anahesabu vijiko. Kazini Changamwe wananiitanga Kontena, wanadhani sisikii. Yeye ananipikianga wali wa nazi na samaki. Anatoa miba na vidole, ananilisha hapo kitandani. Ananiambia kula, mpenzi, hakuna mtu anakuangalia."

Karisa huyo nyumbani hajui chumvi inakaa wapi. Niliwahi kuugua malaria akanichemshia maji ya chai, akasahau majani. Sasa nasikia anachambua miba ya samaki kwa vidole, juu ya kitanda changu. Nilikumbuka siku niliyolikuta shuka na alama ya mafuta, nikailaumu losheni yangu. Mate yakanijaa mdomoni, yale yanayotangulia kutapika.

"Na mwenye nyumba?" nikauliza. Swali hilo haliko popote katika mafunzo yetu.

"Mkewe anakuwanga kazini. Mchele ni yeye ananunua."

"Unajisikiaje kuhusu hilo?"

"Nasikianga vibaya nikimaliza sahani," akasema. "Lakini namaliza."

Nilisimama, nikajifanya nafungua dirisha. Upepo wa nje ulikuwa unanuka mafuta ya mahoteli, wanakaanga. Hata hewa ilikuwa haifai. Nikarudi kukaa.

"Quinter, kwa nini ulichagua kupasuliwa?"

"Nataka mtoto. Daktari aliniambia na huu uzito si rahisi nishike mimba, na nikiishika inaeza kuniua. Nipungue kwanza, ningoje mwaka na kitu, ndio nijaribu. Nikamwambia mamake. Akasema ni sawa, watangoja."

"Mamake nani?"

"Mamake yeye. Ananipenda kama msichana wake."

Mimi na Karisa hatujapata mtoto tangu tuoane. Mavyaa, mamake Karisa, aliacha kuniita kwa jina siku nyingi. Akija kwangu husema "huyu" na "yule", nami nipo. Na sasa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, namfundisha kupumua mwanamke atakayenitoa. Kila nikimtuliza, namsogeza karibu na mlango wangu akiwa na kitoto mgongoni. Na nikifanya kazi yangu vibaya, hataweza kupasuliwa, na mwili ule utamwua taratibu. Nilimtazama alivyolala, kifua kinapanda kwa shida. Nilimchukia kwa moyo wote. Kisha nikamwambia avute pumzi nyingine.

Alipotoka nilikwenda kwa Daktari Kahaso, ndiye bingwa wetu wa upasuaji.

"Daktari, Quinter apewe mshauri mwingine."

"Kwa nini?"

"Simpendi."

Akaweka kalamu chini. "Hukuajiriwa kupenda. Amekukosea nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba mgonjwa wake hulishwa samaki na mume wangu kitandani mwangu, kwa mchele ninaoununua mimi? Habari hiyo ingefika jikoni kwa wapishi kabla ya saa ya chai.

"Hajanikosea kitu," nikasema.

"Basi sikiliza. Yule dada alishakimbia upasuaji mara moja, kabla hujaajiriwa. Alifika mlangoni presha ikapanda, akavua gauni akaenda zake. Amerudi, na sauti yako ndiyo inayomshikilia. Akikimbia tena harudi, na moyo wake hauna miaka mingi ya kungoja. Mpeleke mpaka mlangoni. Kisha uje hapa uniambie humpendi."

Siku ya upasuaji nilifika mapema, nimevaa sare iliyopigwa pasi, tumboni hakuna kitu. Kwenye benchi nje ya chumba cha maandalizi alikuwa ameketi mama wa makamo, begi la mgonjwa magotini, na juu ya begi leso ya kujitanda iliyokunjwa. Leso niliijua kabla ya mwenyewe. Nilimnunulia mavyaa Krismasi iliyopita, na alinipa shukrani kwa kugeuza shingo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akaitika, kisha akainua uso. "Wewe? Wafanyani huku?"

"Ni kazini kwangu, mama. Nawe?"

"Nimemsindikiza mtu wa kanisani." Akaivuta ile leso akaiweka upande wa pili. "Mgonjwa tu, hana watu."

"Jina lake nani, tumwombee?"

"Wewe nenda kafanye kazi yako."

Mlango ukafunguka, nesi akachungulia. "Mama mkwe wa Quinter ni nani hapa?"

Mavyaa akainuka. Aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinukia kitu chochote nyumbani kwangu. Akampa nesi begi, akampa na leso, akasema mwanawe asisikie baridi. Kisha akageuka akanikuta bado nimesimama.

"Usinitolee macho," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyekufukuza. Wazee washakwenda kwao kumposa, wamepokewa vizuri. Mji wetu wataka mtoto, Nyamvula."

Hilo ndilo lilikuwa jina langu, baada ya miaka, na nililisikia mdomoni mwake likanisinya.

"Wazee gani?"

"Wazee wa Karisa. Kwani ana wazee wangapi?"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Kazini," akasema. "Wewe siku zote u kazini."

"Karisa mwenyewe yuko wapi?"

"Haji. Asema hospitali zamtia kichefuchefu."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe, mavyaa akarudi nyuma hatua. Mimi ndiye niliyekuwa sili, silali, natema mate kama mjamzito, halafu ni Karisa ndiye mwenye kichefuchefu. Nilitaka nimwambie mamake habari ya miba ya samaki. Nilitaka kumwuliza kama leso ile alikuwa na mpango wa kuirudisha. Lakini nesi alirudi mlangoni, safari hii uso umebadilika.

"Nyamvula, ingia haraka. Daktari anakutaka."

Quinter alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, gauni la hospitali halimfungi mgongoni, leso yangu juu ya miguu. Alikuwa anatetemeka mpaka chuma cha kitanda kinagongana. Daktari Kahaso alikuwa anatazama mashine ya presha na hakupenda alichokiona.

"Hivi siwezi kumpasua," akaniambia pembeni. "Nakupa dakika chache. Isiposhuka tunaahirisha, na unajua maana yake."

"Madam," Quinter akasema. "Nilidhani hutakuja."

Nikavuta kiti. Nesi akabaki upande wa pili, macho kwenye mashine. Nje ya mlango nilimsikia mavyaa akianza kuomba, kwa sauti, akiomba mtoto wa kiume.

Wasomaji wangu, hapo nilikuwa na uwezo ambao sikuwahi kuwa nao maishani. Ningenyamaza tu, presha ingebaki juu, akarudishwa nyumbani. Hakuna ambaye angenilaumu. Au ningempeleka popote. Akishafumba macho huenda ninakomwambia. Ningempeleka jalalani, katikati ya inzi na matumbo ya samaki, nikamwacha hapo.

"Fumba macho," nikamwambia. "Vuta pumzi. Ishushe polepole."

Akafumba.

"Unataka kwenda wapi leo?"

"Nipeleke pale," akasema. "Pale pale."

Nikampeleka. Nikamfungulia mlango, nikamvusha kochi, nikampitisha chini ya pazia la maua. Sauti yangu ilikuwa laini mno, kila neno linanata mdomoni kama mafuta yaliyoganda. Nikamlaza upande wa ukutani. Nikamwonyesha doa.

"Inashuka kidogo," nesi akanong'ona.

"Jikoni hakuna mtu leo," nikasema. "Uko peke yako. Malori yanapita nje. Sasa sikiliza, kuna mtu mlangoni. Anabisha."

Nesi akaniangalia. Hilo halikuwa katika maneno yetu ya kila siku, na yeye aliyajua yote. Mashine ikalia mara moja, kwa sauti kali. Mikono ya Quinter ikaishika ile leso.

"Ana ufunguo wake," nikaendelea. "Lakini amebisha. Inuka ukamfungulie."

"Nyamvula," nesi akasema.

"Umefika mlangoni, Quinter?"

"Nimefika."

"Fungua."

Huko nje mavyaa alikuwa bado anaomba. Nilikuwa nangoja Quinter apige kelele, afumbue macho, aangue kilio, nami nione hofu yake kwa macho yangu. Nilikuwa naingoja kwa hamu, na hamu hiyo ilinichafua roho.

"Nimefungua," akasema.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ni nani?"

Midomo ya Quinter ikatulia. Mikono ikaiachia leso. Alipozungumza hakuwa tena na ile sauti ya mgonjwa, alizungumza kama mtu anayempokea mwenzake sebuleni.

"Ni mke mwenzangu," akasema, macho yamefumba. "Karibu ndani."

Nikageuza uso kwenye mashine.

"Karisa aliijua sauti yako ile siku ya kwanza," akasema. "Nilimwekea simu aisikize. Akaniambia ni ya mkewe, nikae kimya, nitafute hospitali ingine. Nikakataa. Yale yote nilikuambia, ya samaki, ya mchele, ya mamake, nilikuwa nakuambia wewe. Yeye hangekuambia."

"Inashuka," nesi akasema, hajui anachokisikia. "Inashuka vizuri sasa. Endelea, Nyamvula, usinyamaze hapo."

Daktari Kahaso alikuwa amerudi, amesimama miguuni pa kitanda, glovu mikononi. Akanitikisia kichwa niendelee. Quinter alikuwa amelala kimya, kifua kinapanda na kushuka jinsi nilivyomfundisha, uso umeelekezwa kwangu, anangoja nimwambie kinachofuata. Na mimi nilikuwa nje ya mlango wa nyumba yangu, nimekaribishwa ndani na mgeni.